Tuwafundishe watoto gurudumu linaloanza kuzunguka

Juma lililopita nilikuwa na mgeni kutoka bara, nikampeleka Ngome ya Yesu kama ilivyo ada yetu wenyeji wa Mombasa. Tulipokuwa tumesimama mbele ya mizinga miwili ya Vita vya Kwanza vya Dunia, likaja kundi la wanafunzi wa sekondari pamoja na mwalimu wao. Mwelekezi aliwaeleza kwa ufasaha kwamba mmoja wa mizinga hiyo ulitoka katika manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, na wa pili katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Pegasus. Kwamba tarehe 20 Septemba 1914 ile ya Wajerumani iliizamisha ile ya Waingereza bandarini Unguja. Na kwamba mwezi wa Julai mwaka uliofuata Königsberg yenyewe iliangamia katika delta ya mto Rufiji, Wajerumani wakaitoa mizinga yake na kuikokota nchi kavu ili waendelee kupigana nayo. Hivi leo mahasimu hao wawili wamewekwa ua mmoja, ndani ya ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, wala hakuna anayemtishia mwenzake.

Wanafunzi wakaandika. Kijana mmoja aliyesimama nyuma akainua mkono. "Mwalimu, mbona mizinga ya Wareno na Waarabu ni mifupi na minene, na hii ni mirefu na myembamba? Tena ile ilitupa tufe, na hii inatupa risasi yenye ncha. Kwa nini?"

Mwalimu alitazama saa yake, akasema, "Hiyo ni fizikia. Leo tumekuja kwa historia." Kundi likaendelea na safari yake kuelekea upande wa bahari.

Simlaumu mwalimu yule. Alikuwa na basi linalomngoja na fomu za kujaza, na mimi mwenyewe katika miaka yangu ya kushika chaki niliwahi kutoa majibu mabaya kuliko hilo, kama nitakavyoungama hapa chini. Lakini swali la kijana yule ni mojawapo ya maswali mazuri niliyopata kusikia juu ya mada ambayo wanafunzi wetu huiogopa kama jini, yaani mwendo wa vitu vinavyozunguka, pamoja na kasi yake na mchapuko wake. Kwa kuwa halikujibiwa pale lilipoulizwa, na lijibiwe hapa.

Tufe la chuma la zama za Wareno halikujali lilielekea wapi lilipokuwa hewani, maadamu tufe ni lile lile ulitazame upande wowote. Risasi ndefu yenye ncha ni jambo jingine. Ukiisukuma tu kutoka mtutuni, hewa itaikamata, itapinduka na kuviringika ovyo kama fimbo iliyorushwa, na haitafika ilikokusudiwa. Dawa yake mafundi wa mizinga waliipata mahali ambapo kila mtoto wa Mji wa Kale angeweza kuwaonyesha, kwenye pia. Pia iliyosimamishwa juu ya ncha yake huanguka mara moja. Pia inayozunguka husimama wima na kukataa kuanguka. Basi ndani ya mtutu wa mzinga wa kisasa huchongwa mifuo inayojipinda kama mifuo ya parafujo. Kombora huvishwa pete ya shaba, ambayo ni laini. Baruti inapolipuka, pete hiyo hubanwa katika mifuo, na kombora linalazimika kuzunguka huku likisonga mbele. Likitoka mdomoni huwa ni pia inayoruka.

Hadi hapo ni maelezo, na maelezo kila mtu hufurahia. Sasa tuingie katika hesabu, mahali ambapo darasa huanza kutazama dirishani.

Tuseme mtutu una mita 3 za kupitia, na mifuo yake inajipinda mara moja tu katika mita hizo 3. Tuseme pia kwamba kombora linaanza likiwa limetulia na linatoka mdomoni kwa kasi ya mita 600 kwa sekunde. Namba hizi nimezichagua kwa wepesi wa hesabu. Si vipimo vya mzinga ule wa ngomeni, ingawa haziko mbali na za mizinga ya aina yake. Swali ni hili: kombora linapotoka linazunguka kwa kasi gani, na mchapuko wake wa kuzunguka ulikuwa kiasi gani?

Nimewauliza swali hili watu wazima kadhaa, baadhi yao wasomi. Karibu wote hukisia kwamba, kwa kuwa limezunguka mara moja tu ndani ya mtutu, basi linatoka likizunguka polepole. Hebu tutazame. Kombora lilianza na sufuri likaishia na mita 600 kwa sekunde. Kama kasi iliongezeka kwa kiasi sawa wakati wote, wastani wake ulikuwa mita 300 kwa sekunde. Mita 3 kwa wastani huo zinachukua sehemu moja ya mia ya sekunde. Katika muda huo kombora limezunguka mara moja, yaani kwa wastani wa mizunguko 100 kwa sekunde. Lakini lilianza kwa sufuri! Kwa hivyo, ili wastani uwe 100, mwishoni ni lazima liwe linazunguka mara 200 kwa sekunde, ambayo ni mizunguko 12,000 kwa dakika. Mzunguko mmoja tu ulitosha kulifikisha hapo.

Tuligeuze hilo katika lugha ya vitabu. Mzunguko mmoja una radiani 6.28, kwa hivyo mizunguko 200 kwa sekunde ni radiani 1,256 kwa sekunde. Kasi hiyo ilipatikana katika sehemu ya mia ya sekunde. Mchapuko basi ni radiani 125,600 kwa sekunde kwa kila sekunde. Mwanafunzi mwenye shaka na apitie njia nyingine: kasi ya mwisho ikizidishwa kwa yenyewe iwe sawa na mara mbili ya mchapuko uliozidishwa kwa pembe yote. Atapata 1,577,536 kila upande. Ni furaha ya kipekee, na ni ya bure, kufika nyumba ile ile kwa vichochoro viwili tofauti.

Angalia nilichofanya na nisichofanya. Sikuanza na kanuni. Nilianza kwa kuuliza kitu kilianza vipi, kiliishia vipi, kiligeuka kiasi gani na kwa muda gani. Kanuni ilikuja baadaye, kama shahidi wa kuthibitisha. Na hapo ndipo lilipo lalamiko langu la leo, ambalo naliweka mbele ya walimu wenzangu pasi na kuficha: tunawafundisha watoto kuwinda herufi. Tunawaambia waorodheshe wanachopewa, waangalie herufi ipi inakosekana, kisha wachague kanuni isiyokuwa na herufi hiyo. Njia hii hupata alama. Mwanafunzi anaweza kuitumia miaka miwili mfululizo bila kuona kitu chochote kinachozunguka katika akili yake.

Na kuna kosa la pili, ambalo ni letu sote na la mitaala yetu. Katika silabasi ya 8-4-4, mada ya kidato cha nne ilikuwa mwendo wa duara wenye kasi isiyobadilika. Jiwe limefungwa uzi, linazunguka. Limekuwa likizunguka tangu azali, na litazunguka milele. Nani aliyelizungusha kwanza? Lilifikaje kwenye kasi ile? Haiulizwi. Mchapuko wa kuzunguka uliachiwa wachache wanaoendelea na masomo ya juu, ilhali katika mji huu hakuna gurudumu hata moja lenye kasi isiyobadilika. Tuktuk husimama na kuondoka kila baada ya hatua hamsini. Mkokoteni unaopanda kutoka bandari ya kale hugeuza magurudumu yake kwa kusitasita, kadiri ya pumzi za anayeusukuma. Tunamfundisha mtoto lile jambo moja asiloliona popote, kisha tunashangaa kwamba haliamini.

Niungame sasa. Mwaka 1984 nilikuwa nikifundisha kidato cha tano, kabla mfumo wa 8-4-4 haujaviondoa vidato vya tano na sita. Niliwapa wanafunzi swali la pangaboi: linazunguka mara 240 kwa dakika, stima inakatika, linapunguza kasi kwa kiasi sawa na kusimama baada ya sekunde 40. Limezunguka mara ngapi kabla ya kusimama? Nilitarajia ukurasa mzima: kugeuza mizunguko kuwa radiani, kutafuta mchapuko, ambao ni hasi, kutia katika kanuni, kisha kugeuza radiani kuwa mizunguko tena. Msichana mmoja aliandika mistari mitatu. Lilianza na 240, likaishia na sufuri, kwa hivyo ni kana kwamba lilizunguka 120 kwa dakika. Sekunde 40 ni thuluthi mbili za dakika. Jibu ni 80.

Jibu ni 80. Nilimpa alama moja katika tano, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu, "Kanuni iko wapi?" Alipokuja kuniuliza kosa lake, nilimwambia kwamba hizo ni hesabu za sokoni. Alirudi kwenye dawati lake, na sikumbuki kumsikia akiuliza swali jingine muhula ule.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Msichana yule ndiye peke yake aliyekuwa amelitazama pangaboi. Wenzake waliotapakaza radiani ukurasa mzima, wengi wao walikosea mahali fulani, mmoja akapata kwamba pangaboi lilizunguka mara elfu tatu na ushei baada ya stima kukatika, naye akaridhika na kupiga mstari chini ya jibu. Huyo nilimpa alama tatu, kwa kuwa kanuni alikuwa ameiandika sawasawa.

Ningemwambia nini, lau ningekuwa na akili? Ningemwambia kwamba jibu lake ni sahihi, kisha ningemuuliza swali moja: umejuaje kwamba unaweza kuchukua nusu? Hapo angelazimika kutambua kwamba nusu inafaa kwa sababu tu swali limesema kasi inapungua kwa kiasi sawa. Pangaboi la kweli halifanyi hivyo. Linapokuwa na kasi kubwa hewa hulizuia kwa nguvu zaidi, hivyo hupoteza kasi upesi mwanzoni, kisha hujivuta mwishoni kama mgeni asiyetaka kuaga. Ningemtuma nyumbani na saa ya mkononi akalihesabu. Huo ungekuwa ni ufundishaji. Nilichofanya kilikuwa ni ulinzi wa mlango.

Nikiwa mtoto, kabla ya kujua kwamba kuna somo linaloitwa fizikia, niliiona mada hii yote mikononi mwa fundi mmoja seremala pale Kibokoni. Alikuwa na kekee. Vijana wa leo, ambao wamezoea ile ya umeme, huenda hawaijui, nami naomba ruhusa ya kuieleza, kwani ni chombo bora cha kufundishia kuliko vingi vinavyonunuliwa kwa maabara. Kekee ya zamani ina kijembe cha chuma kinachotoboa. Kijembe kimeshikizwa katika gogo dogo la mviringo liitwalo msukano. Juu ya msukano kuna jivu, kishikizo ambacho fundi hukikandamiza kwa mkono mmoja. Na kwa mkono wa pili huvuta uta, ambao kamba yake imezungushwa mara moja juu ya msukano. Uta ukienda, kekee huzunguka huku. Uta ukirudi, huzunguka kule. Milango ya nakshi na mbao za majahazi zilitobolewa hivyo.

Hebu tuipime. Nusukipenyo cha msukano ni sentimita 2. Ukate uzi wa sentimita 2, uulaze juu ya mviringo wa msukano: pembe inayofunikwa na uzi huo, ukiitazama kutoka kitovuni, ndiyo radiani moja. Haina siri zaidi ya hiyo. Nyuzi sita za namna hiyo na kipande kidogo huzunguka msukano mzima, ndiyo maana tunasema 6.28. Wanafunzi hulalamika kwamba kipimo hiki ni cha ajabu, na mbona nyuzi 360 za pembe zilitosha? Jibu liko katika kamba. Fundi akivuta uta sentimita 50, nasi tukigawanya kwa sentimita 2, tunapata radiani 25 pale pale, takriban mizunguko minne. Ukitumia nyuzi 360 itabidi utie pai kati, na hesabu itachafuka.

Tuseme mvuto mmoja wa uta unachukua nusu sekunde. Katika robo ya kwanza fundi anaongeza kasi kwa kiasi sawa, na katika robo ya pili anaipunguza vivyo hivyo mpaka uta usimame. Robo ya kwanza inageuza radiani 12.5, kwa hivyo wastani ni radiani 50 kwa sekunde, na upeo, kwa kuwa tulianza na sufuri, ni 100. Mchapuko ni 100 kugawanywa kwa robo, yaani radiani 400 kwa sekunde kwa kila sekunde. Katika robo ya pili ni hasi 400.

Sasa ufike mwisho wa uta, pale kekee inaposimama kabla ya kurudi. Waulize wanafunzi wako, mwalimu mwenzangu: katika nukta hiyo, kasi ni kiasi gani? Watasema sufuri, na ni kweli. Mchapuko je? Wengi watasema sufuri pia. La hasha. Kabla tu ya nukta hiyo mchapuko ulikuwa hasi 400, ukiizuia kekee. Mara baada yake, kekee inaanza kuchapuka kuelekea upande wa pili, na upande wa pili ndio tuliouita hasi. Kwa hivyo mchapuko ni hasi 400 bado. Haukubadilika hata kidogo! Mkono wa fundi unajua hivyo, kwa kuwa mwisho wa uta ndipo unapoumia. Kama mchapuko ungekuwa sufuri wakati kekee imesimama, ingebaki imesimama hapo mpaka kesho. Mwanafunzi akilielewa jambo hili moja, alama ya hasi haitamsumbua tena, naye hatahitaji kukariri lini aiweke na lini aiache.

Na kuna lile kosa kuu ambalo kila mtahini hulijua, la kuchanganya kasi ya kuzunguka na kasi ya mahali fulani juu ya kitu kinachozunguka. Msukano mzima una kasi moja ya kuzunguka, kuanzia kitovuni hadi ukingoni. Hakuna sehemu inayowahi kumaliza mzunguko kabla ya nyingine, la sivyo ungepasuka. Lakini mdudu aliyekaa ukingoni husafiri njia ndefu, na aliyekaa karibu na kitovu husafiri njia fupi, kwa muda ule ule. Turudi kwa kombora letu. Nusukipenyo cha kombora la mzinga wa sentimita 10.5 ni mita 0.0525, ukizidisha kwa radiani 1,256 kwa sekunde, ngozi yake inazunguka kwa mita 66 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 230 kwa saa, ilhali mstari wa katikati yake hauzunguki popote.

Yamkini msomaji ameona kwamba nimesema yote haya kwa Kiswahili, na kwamba mbingu hazikuanguka. Nimetumia neno mchapuko, ambalo si la kubuni kwangu. Linatokana na kuchapuka, nasi tangu zamani husema chapua miguu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na tangu hapo hatuna udhuru wa kusema kwamba maneno hayapo. Mtoto aliyeambiwa kwa Kiingereza kwamba kitu kina mchapuko hasi hukariri. Mtoto aliyeulizwa, "Je, inachapuka au inachoka?" hutazama.

Najua nitakavyojibiwa. Mtihani ni wa Kiingereza, na muda hautoshi. Juu ya la kwanza, siombi mtihani ubadilishwe leo. Naomba tu kwamba kabla ya kuandika namba yoyote, mwanafunzi aruhusiwe kumweleza jirani yake, kwa lugha yoyote anayoiota usiku, kitu hicho kinafanya nini. Dakika mbili zinatosha. Juu ya la pili, walalamikaji wana haki zaidi. Darasa la wanafunzi sitini halipimiki kwa uta mmoja, na mwalimu anayesahihisha madaftari sitini atapenda herufi zilizopangwa kwa safu, kwa sababu safu husahihishwa upesi. Hilo sina dawa yake. Nasema tu kwamba mistari mitatu ya msichana yule ingesahihishwa upesi zaidi.

Mtaala wa umilisi, ambao darasa lake la kwanza la kumi limeingia shule za upili za juu mwaka 2026, unasema kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda. Vyema. Basi na watungaji wa masomo yake wasitupelekee tena jiwe la milele lililofungwa uzi, na watahini wampe alama kamili anayefika kwa njia ya wastani, mradi aseme kwa nini wastani unafaa. Na safari za ngomeni, ambazo shule hulipia kila mwaka, ziwe na karatasi moja ya maswali ya fizikia kando ya ile ya historia. Mizinga iko pale na pia ziko vichochoroni. Kekee ya uta, kama kuna fundi aliyeihifadhi, iletwe shuleni hata kwa siku moja.

Kwa kijana yule aliyeuliza swali, ambaye sikumfuata nikamjibu kwa kuwa nilikuwa na mgeni na kwa kuwa niliona haya kumwingilia mwalimu kazi yake: jibu lako ni hilo hapo juu, nami nakuongezea mawili ya kufanyia kazi. Mzinga wa Pegasus una mdomo wa inchi 4, yaani sentimita 10.16, na wa Königsberg sentimita 10.5. Kama makombora yote mawili yangezunguka mara 200 kwa sekunde, ngozi ya lipi ingekwenda kasi zaidi, na kwa kiasi gani? Hilo ni jepesi. La pili si jepesi. Kombora letu linapofika nusu ya mtutu, limezunguka nusu mzunguko. Je, wakati huo kasi yake ya kuzunguka imefika 100 kwa sekunde, haijafika, au imepita? Usishike kalamu kwanza. Mwambie mwenzako unavyodhani na kwa nini, kisha ndipo mkahesabu.